Wiki Tatu Bila Msiba

Mgonjwa wa kwanza niliyemwandika alikuwa Likagwa, msichana wa darasa la saba, aliyelala siku tisa na homa isiyoshuka huku mama yake akimpa vidonge vya malaria vilivyobaki nyumbani. Nilimtoboa kidole mara mbili, malaria haikuonekana. Ulimi wake ulikuwa na utando mweupe kama uliopakwa unga, na ukimgusa tumbo upande wa kulia alikunja uso. Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeandika barua kumi na nne za namna hiyo, na Likagwa tulikuwa tumekwisha kumzika. Utumbo ulikuwa umetoboka.

Mimi ni msaidizi wa afya wa vijiji vitatu chini ya mlima Mulanje, mpakani na mashamba ya chai. Nachanja watoto, nakagua vyoo, nagawa dawa ya maji. Jina langu Stonadi Nampota, lakini pale Nasiyaya, kijijini kwetu, wananiita mwana wa Egrita. Egrita si aliyenizaa. Aliyenizaa alikuwa mdogo wake, akafa ningali nanyonya, na mama mkubwa akaninyanyua mgongoni kwake siku hiyohiyo bila kuuliza mtu. Simjui mama mwingine.

Damu za wagonjwa zilipopimwa, jibu likaja kwamba ni homa ya matumbo. Wilaya ikamtuma Bi Tadala Msukwa, ofisa wa kufuatilia magonjwa ya mlipuko. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, asiye na haraka ya kucheka, na lugha yetu aliiongea polepole kama anayepita kwenye utelezi. Watu hawakumpenda tangu siku ya kwanza.

"Anauliza tulichokula, tulikula kwa nani, nani alipakua," alisema mama mmoja kwenye foleni ya pampu. "Mke mwenza gani huyu tuliyeletewa?"

Bi Msukwa alisikia. Aliendelea kujaza kichupa chake maji ya pampu, akakiandika tarehe, akaondoka.

Alinipa fomu zenye maswali kumi na nane na kunielekeza moja moja. Maji unachota wapi, choo unatumia kipi, homa ilianza lini. Swali la kumi na nne liliuliza kama katika wiki tatu kabla ya homa kuanza mgonjwa alihudhuria mkusanyiko wowote: harusi, ibada, msiba, ngoma.

"Nenda nyumba kwa nyumba, Bwana Nampota," alisema. "Usiniletee unachofikiri. Niletee wanachosema."

Siku ya kwanza, kufikia mchana, nilihoji saba. Wote saba walikuwa kwenye maziko ya Chifu Mulupwa. Hilo halikunishtua, maana nusu ya tarafa ilikuwepo. Kilichonishtua kilitoka kwa mtu wa nane, Bwana Kachipeya, mlinzi wa shamba la chai. Yeye anaishi huko juu kwenye kambi, mwendo wa saa nzima, na maji anakunywa ya tangi la shamba. Nilimkuta kwenye mkeka, amefunikwa mablanketi mawili, jua likiwaka.

"Pampu yenu sijawahi kuigusa," aliniambia. "Kwa hiyo msiniambie habari za pampu."

"Msibani ulikula nini?"

"Sikula. Nilikuwa nawahi zamu. Nilikunywa togwa tu, kikombe kimoja nikiwa nimesimama. Alinipa mama yako mwenyewe. Ilikuwa tamu, haijachacha hata kidogo. Nikamwambia, mama, hii ni uji. Akaniambia ninywe ninyamaze."

Alitabasamu kidogo alipokumbuka. Mimi kalamu ilikuwa imesimama kwenye swali la kumi na nne.

Nilijua kwa nini haikuwa imechacha. Maziko yaliwahishwa siku moja kwa sababu maiti ilianza kuharibika. Mama mkubwa ndiye mpika togwa wa misiba yote ya pale, na mwendo wake naujua tangu utotoni. Uji ukishachemka huuacha upoe, kisha huingiza mkono mpaka juu ya kifundo kupima joto kabla ya kutia kimea, na kukoroga kwa mkono huohuo mpaka mabonge yaishe. Kijiko hakitambui joto, ndivyo anavyosema. Siku ile togwa haikulala hata usiku mmoja, na uchachu unaoua vijidudu haukupata muda wa kuingia.

Nikaanza kukumbuka mambo ambayo sikuwa nimeyaweka pamoja kabla. Mwanawe wa pekee, Nasibeko, alikufa na homa ndefu akiwa na miaka sita. Mimi nililala wiki tano nikiwa na miaka kumi na minne, nywele zikanyonyoka. Mwaka juzi, baada ya harusi ya binti wa mwalimu, watu watano waliugua, na tukasema ni malaria sugu. Yeye mwenyewe huniambia aliwahi kuumwa sana kabla sijazaliwa, akapona, na tangu hapo hajawahi kulazwa kitandani hata siku moja. Nilikuwa nimesomea mambo hayo. Nilijua kuna mtu anayepona homa ya matumbo na bado vimelea vikabaki ndani ya nyongo yake, yeye mzima kabisa, akivitoa chooni miaka na miaka.

Lakini Nasiyaya nani angesikia habari za nyongo? Kikongwe asiye na mtoto wa kumzaa aliye hai, na watu wanakufa baada ya kunywa kilichotoka mkononi mwake. Mwaka uliopita, kijiji cha ng'ambo ya mto, bibi mmoja alichomewa nyumba kwa kisingizio kidogo kuliko hicho, na polisi walipofika majivu yalikuwa yamepoa.

Nikaandika: Hapana.

Nikarudi nyuma kwenye zile fomu saba. Nikafuta ndiyo ya swali la kumi na nne, nikaandika hapana humo nazo. Kufikia mwisho wa juma nilikuwa na fomu thelathini na moja, na zote jibu moja.

Watu lakini hawawezi kukaa bila mtu wa kumshuku. Wakampata Paulino, fundi wa pampu. Alitoka upande wa Msumbiji, ng'ambo ya mpaka, akaishi kwetu miaka minane peke yake, na wiki ile aliyokufa chifu ndiyo aliyotengeneza pampu. Mmoja akakumbuka alikuwa na chupa. Mwingine akakumbuka aliinamia shimo muda mrefu. Siku ya tatu chupa ilikuwa na unga mweupe ndani yake, na Paulino alikuwa ameonekana akiumimina huku akitaja majina ya watu.

Nami nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshikia spana asubuhi ile. Ndani ya chupa mlikuwa na mafuta ya taa ya kulegezea nati zilizoshika kutu, na hakuna tone lililoingia shimoni, maana aliziweka nati juu ya gunia mbali na mdomo wa kisima. Niliyasikia maneno yale pale kwenye foleni, nikatia dawa kwenye ndoo za watu, nikanyamaza. Nilijiambia maneno yatapita.

Jumatano, muda wa watu kunywa chai, vijana wakamwendea. Alichomoka kwa dirisha la nyuma akakimbilia kituo cha afya, sikio limechanika, shati halipo. Bi Msukwa alimfungia katika stoo ya vyandarua, akatia ufunguo mfukoni, akatoka kusimama mlangoni. Vijana walikuwa kama ishirini. Mbele alikuwa Besita, kaka yake Likagwa.

"Tupe mtu wetu," alisema Besita. "Wewe mgeni, hujazika mtu hapa."

"Pole kwa dada yako," Bi Msukwa alimjibu. "Maji ya pampu nimeyapima mara mbili. Ni safi."

"Umepima wewe. Nani alikuona?"

"Kesho njoo upime na mimi. Nitakuonyesha jinsi inavyofanyika, na matokeo utayasoma mwenyewe."

"Na ukituonyesha maji mengine?"

"Utachota wewe."

Besita alirudi nyuma kwa wenzake. Walikaa nje mpaka jua lilipopanda sana, kisha wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, wakiahidi kurudi.

Mimi nilikuwa stoo namsafisha Paulino jeraha. Alikuwa ameketi juu ya marobota ya vyandarua, mikono magotini. Hakulalamika dawa ilipomwingia.

"Stonadi," akasema, "wewe ulikuwa na mimi."

"Najua."

"Uliona chupa. Ulinusa."

"Niliona."

"Umewaambia?"

Niliendelea kufunga bendeji. Aliusogeza mkono wangu kando, si kwa nguvu, akamalizia kuifunga mwenyewe.

Nilipotoka, Bi Msukwa alikuwa amezitandaza fomu zangu mezani, zote thelathini na moja, na kando yake ramani aliyoichora kwa mkono. Kila mgonjwa alikuwa nukta nyekundu.

"Keti," alisema. "Tazama hapa. Kama ni pampu, nukta zingezunguka pampu. Hapa zipo vijiji vitatu. Hawa wanne wanakunywa maji ya mto. Huyu mlinzi anakunywa ya tangi. Kuna watu wanachota pampu kila siku na wazima. Kwa hiyo kuna mahali hawa wote walikutana."

"Labda soko," nilisema.

"Labda." Akavuta fomu karibu. "Sasa nisaidie na hili. Swali la kumi na nne. Watu thelathini na mmoja, na kila mmoja anasema katika wiki tatu hakwenda popote. Hakuna harusi, hakuna ibada, hakuna msiba. Mimi nimekaa hapa siku kumi na mbili na nimeshapita misiba minne. Wiki tatu bila msiba? Ni watu gani hao, Bwana Nampota? Wanaishi wapi, nikahamie?"

Sikucheka, na yeye hakuwa akitania.

"Hizi saba za kwanza zina kalamu ya bluu," aliendelea, "isipokuwa swali la kumi na nne. Hilo lina kalamu nyeusi. Nimeliona tangu Jumatatu. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, kisha leo mtu akataka kuuawa mlangoni kwangu nikaona nimengoja mno. Hilo nimekosea mimi. Haya mengine ni yako. Unamficha nani?"

Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja, lakini sauti iliyotoka haikuwa ya mtu mzima. Nilimwambia yote: togwa, mkono, Nasibeko, harusi ya mwaka juzi, bibi wa ng'ambo ya mto. Aliandika mistari mitatu tu.

"Wakijua watamuua," nilisema. "Wewe utarudi mjini. Mimi nitazika."

"Sijakuuliza unampenda kiasi gani. Nauliza, Jumamosi hii anapika wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jumamosi alikuwa anatawazwa chifu mpya. Mapipa yalikuwa yamekwisha kuazimwa, na akina mama wangetia kimea kesho yake, Alhamisi asubuhi.

Bi Msukwa alifunga faili. "Hatutamtaja yeye. Tunasimamisha togwa na vyakula vyote vya pamoja, vijiji vyote vitatu, mpaka nitakaposema. Na tunapima choo cha kila mama anayepikia misiba. Wako wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wote kumi na mmoja, na wewe wa kumi na mbili. Na kabla ya hapo, unakwenda kwa wale vijana kuwaambia ulichokiona pale pampuni."

Niliwakuta chini ya paa la kinu cha kusaga. Niliwaambia nilishika spana, chupa ilikuwa ya mafuta ya taa, Paulino hakutia kitu. Walinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Besita alikuwa akichokonoa ukuta kwa msumari.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?" aliuliza.

Nikasema niliogopa.

"Uliogopa nini? Sisi? Wewe mwana wa hapa?" Aliutupa msumari. "Basi kuna kitu unajua. Nenda. Tutakiona tu."

Asubuhi ya Alhamisi tulifika nyumbani kwa mama mkubwa. Ua ulijaa mvuke. Akina mama walikuwa wamevaa kanga zao za kazi, wakisukumana na kucheka, na yeye alikuwa katikati, mkono wa kulia umekunjwa mpaka kiwikoni, akizunguka kutoka pipa hadi pipa. Bi Msukwa aliamkia kwa kupiga goti kama desturi yetu inavyotaka, akaeleza kwa upole. Ugonjwa huu unapita kwenye chakula na kinywaji, akasema. Hatujui unatoka kwa nani. Tunaomba kila mpishi apimwe. Tunaomba togwa hii imwagwe.

Kicheko kilikatika.

"Imwagwe?" aliuliza mama mmoja. "Mahindi ya watu wote haya?"

"Hawa ndio waliotupa zile dawa za kutia kwenye maji," mwingine akasema. "Sasa wanataka na vinyesi vyetu. Watavifanyia nini?"

"Stonadi, hiki ni chakula cha chifu. Utamwambia nini chifu?"

Walizungumza wote kwa pamoja. Mama mkubwa alijifuta mkono polepole kwenye kanga, akaja mpaka mbele yangu, akanisemesha kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia.

"Mnapima wote kumi na mmoja, siyo?"

"Ndiyo, mama. Wote."

"Mbona tangu umeingia hujamtazama mwingine ila mimi?"

Akageuka, akalisukuma pipa la kwanza kwa nyonga yake. Uji ukamwagika mavumbini, ukaenda mpaka kwenye mizizi ya migomba. "Mwageni," aliwaambia wenzake. "Tutapika siku nyingine. Chifu atakunywa maji." Alikuwa wa kwanza kupokea kichupa chake.

Sampuli zilichukuliwa mara tatu, maana vimelea havitoki kila siku. Majibu ya kwanza yalikuwa safi kwa wote, na nilitembea siku nne kama mtu aliyesamehewa. Ya pili yakaja. Kumi na moja safi. Moja si safi.

Tulimwambia ndani ya nyumba yake, mchana, mlango umefungwa, Bi Msukwa na mimi. Bi Msukwa alimweleza bila kuzungukazunguka: ugonjwa aliougua zamani haukutoka wote, si kosa lake, hakuna aliyejua, kuna vidonge vya wiki nne, na mpaka vipimo vya baadaye viwe safi asipikie watu. Mama mkubwa alisikiliza akiwa amekunja mikono mapajani.

"Wamekufa wangapi?"

"Watatu," alisema Bi Msukwa.

"Nitajieni."

Nikamtajia. Likagwa. Mzee Nantapo. Mke wa mwashi. Alirudia kila jina kwa midomo bila sauti.

"Na Nasibeko wangu?"

Bi Msukwa hakuangalia pembeni. "Sijui, mama. Hakupimwa. Inawezekana."

Mama mkubwa alitikisa kichwa mara kadhaa kana kwamba ameambiwa bei ya kitu. Kisha akanigeukia.

"Wewe ulijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na siku zote hizo ulikula hapa, ukaniacha nipike kwa mama Nantapo alipofiwa na mumewe."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nawaapia sikulifikiria. Nilikuwa nimefikiria nyumba kuchomwa, nikadhani kumlinda ni kunyamaza. Wiki ile alipikia msiba mmoja, na katika wagonjwa wa mwisho walioingia kituoni, watatu walitoka humo. Wote walipona. Siwezi kusema ni kwa sababu yangu.

Vidonge alivimeza vyote, kwa saa, akihesabu mbele yangu. Mlipuko uliisha kabla ya mvua: wagonjwa arobaini na wanne, waliokufa watatu. Katika ripoti yake Bi Msukwa hakuandika jina la mpishi. Jina langu aliliandika, pamoja na kalamu ya bluu na nyeusi. Nilipewa onyo, nikahamishiwa kituo kingine upande wa mto Ruo. Kabla ya kuondoka Bi Msukwa aliniambia, "Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini. Lakini sikuwa wewe, nilikuwa na kazi." Paulino alirudi kwao Milange, ng'ambo ya mpaka, jikoni mwake Nasiyaya kukiwa bado na sufuria mekoni. Hakuniaga, na sikuwa na haki ya kuagwa.

Siri haikutoka, wala haikulala. Watu waliona Egrita hakorogi tena. Akienda msibani hukaa na wafiwa, mikono ndani ya kanga. Wengine husema ameota ndoto, wengine husema amekosana na chifu mpya, na wengine hawasemi, lakini kikombe kikipita kwake humwangalia kama atakishika. Besita humsalimu kwa adabu kupita kiasi. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwaka jana, vipimo vyake vyote vikiwa safi, nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amenipikia nsima, ugali wetu, na maharage ya kalongonda, yale ya kuchemshwa mara saba. Alininawisha, akaweka sahani mbele yangu, akaketi kwenye kizingiti. Kwa kawaida angeanza kunipa habari za majirani. Safari hii alikuwa anaangalia mkono wangu.

Nilimega, nikatowelea, nikala. Sitasema sikusita. Nilisita kiasi cha pumzi moja, nami najua aliiona, kwa sababu alisimama akaenda kupanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.